Mimi Huwa Sichanganyi

Wajukuu zangu,

Mwenzenu Atupele, ninayeishi kwake, amenipa daftari lake la zamani lililobaki kurasa nyuma, pamoja na kalamu ya bluu. Ameniambia, "Bibi, hayo unayotusimulia jikoni yaandike, maana sisi tunacheka halafu tunasahau." Basi naandika. Mimi niliishia darasa la pili, herufi zangu ni kubwa kama maboga, na mstari wangu ukipanda mlima pandeni nao. Nawaandikia ninyi mnaoomba kazi za kuhesabu watu, ninyi wenye vyeti na vishikwambi. Mimi niliifanya kazi hiyo bila cheti, na niliifanya vizuri sana. Hapo kwenye "vizuri sana" ndipo penye aibu yangu.

Kazi yangu ilikuwa ubalozi wa nyumba kumi, kijijini kwetu huko Kilolo. Zinaitwa kumi, ila zangu zilikuwa ishirini na tatu, maana watu huzaa na kujenga na hakuna aliyekuja kubadili jina. Balozi halipwi. Balozi huitwa mbuzi akipotea, huitwa mume akifungiwa nje na mkewe, huitwa mgeni akifika na haijulikani katokea wapi. Sensa ikija, balozi ndiye anayetangulia mbele ya karani, amwonyeshe njia na amwambie mbwa yupi anauma. Kwetu aliyeuma alikuwa mbwa wa Zefania, na jina lake lilikuwa Karibu. Makarani wawili, sensa mbili tofauti, waliumwa na Karibu. Wa pili alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, nasema mbwa.

Mimi si wa kule. Nimezaliwa Rungwe, nikaolewa Kilolo, na siku naingia kwa wakwe zangu nilikuwa najua neno moja tu la Kihehe, "kamwene", ambalo ni salamu. Ukishalitoa umemaliza maneno yako yote, unabaki kutabasamu kama mwendawazimu. Nikajiambia, lugha itakuja polepole, ngoja nianze na majina. Nikawa nayashika. Mtu, mkewe, wazazi wake, watoto wake kwa kufuatana, na yule aliyezaliwa akafa katikati. Kwenye msiba, wenzangu wakiuliza "huyu marehemu alikuwa wa ngapi kwao?", mimi najibu kabla ndugu hawajafungua mdomo. Watu wakashangaa. Mnyakyusa gani huyu anajua ukoo wetu kuliko sisi? Nikaonja utamu wa kushangaliwa. Utamu ule una ubaya wake, kama ulanzi wa asubuhi, ile pombe ya mianzi: unateremka kama maji ya sukari, na hujui umelewa mpaka uinuke.

Aliyenifundisha ubalozi ni Mzee Lameki, aliyeishika kazi kabla yangu. Mtu mrefu, mpole, koti moja la mvua kiangazi na masika. Alikuwa na msemo wake: "Balozi ana masikio mawili na mdomo nusu." Mimi nilicheka. Masikio mawili nilikuwa nayo. Mdomo nusu sikuupata.

Mambo ya Lameki nawapa bure, yashikeni. Nyumba ya mtu usiisogelee kimyakimya, kohoa ukiwa bado njiani, umpe mwenye nyumba nafasi ya kuficha anachoficha. Simama pembeni ya mlango, usisimame katikati ukachungulia. Nenda umande haujakauka, kwani ukikauka wote wako shamba na utamhesabu kuku. Na mtoto wa mtu usimhesabu kwa kidole. Kwetu ukinyoosha kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, mama mtu anawavuta wote nyuma ya kanga, na karani anaandika sifuri. Lameki aliuliza hivi: "Mama, leo umesonga ugali wa mikono mingapi?" Mama anacheka, anajibu, "Mikono tisa, na mmoja wa kubebwa." Kwisha. Umepata kaya nzima na hakuna aliyeogopa.

Sensa yangu ya kwanza nikiwa naye, tulikuwa na Mzee Sigifridi mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na mlima wake. Swali lilikuwa, nani amelala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa? Mke wa kwanza akasema, "Mume wangu." Wa pili akasema, "Mume wangu, angelala wapi tena?" Wa tatu, huyo akakasirika kabisa kwa kuulizwa. Karani akamwandika Sigifridi mara tatu. Tulipokuwa tunateremka Lameki akakohoa, akamwambia karani, "Mwalimu, mfute mara mbili." Karani akauliza, "Nimfute kwa yupi na nimwache kwa yupi?" Lameki akamjibu, "Hapo ndipo utakapojua kwa nini sisi tuna mvi." Ukweli ni kwamba Sigifridi alilala kilabuni kwenye gunia la mahindi. Lameki alijua, mimi nilijua. Yeye hakusema. Mimi nilisema jioni ileile bombani, na mke wa tatu hakumpikia mzee wa watu siku tatu.

Tulicheka wakati ule. Leo nikikumbuka naona ni mlango uleule nilioupitia baadaye, ila ulikuwa umefunguliwa kidogo.

Sasa nihamie hapa Mwanjelwa, Mbeya, halafu nitarudi. Mwaka niliohamia kwa Atupele, baada ya mzee wangu kufariki, nilikwenda sokoni kununua viazi. Kwenye meza za upande wa viazi nikasikia sauti, "Karibu mama mteja, viazi vipya hivi, havina maji!" Nikageuka. Alikuwa Yudita. Yudita wa Zakaria, aliyekaa nyumba ya saba katika nyumba zangu. Nilimjua akiwa tumboni. Nikasema, "Yudita." Akapanga viazi vyake kwenye sado, kopo lake la kupimia, akaongeza vitatu juu kama nyongeza, akaniangalia usoni pasipo hasira na pasipo kunijua. "Sado ngapi, mama mteja?" Nikanunua. Nimekuwa nikinunua kwake kila Jumamosi tangu hapo, na kila Jumamosi mimi ni mama mteja. Ninayejua jina la kila mtu, yeye hanipi langu.

Huyo ndiye niliyemvunjia nyumba. Sikutumia wivu wala uchawi. Nilimvunjia kwa jibu la sensa.

Ilikuwa hivi. Sensa ilipokaribia, ule wakati wa karatasi na penseli, yakazuka maneno. Redioni, kanisani, msikitini, kilabuni, mjadala ulikuwa mmoja: maswali. Wengine walitaka watu waulizwe dini na kabila, wakisema serikali inaficha hesabu kwa sababu zake. Serikali ikasema maswali hayo yameondolewa yasije yakatugawa. Diwani wetu alikuwa wa chama cha upinzani, Mtendaji wa kijiji alikuwa mtu wa serikali, na wote wawili walikuwa na sauti kubwa. Ukaitishwa mkutano uwanja wa shule.

"Anayeficha hesabu ana jambo!" Diwani akasema.

"Jambo ni umoja wa taifa!" Mtendaji akajibu.

"Umoja gani huo wa kufichana?"

Vijana wakapiga miluzi. Wale wawili wangeendelea mpaka jua lizame, ila Bi Zuhura akasimama. Bi Zuhura alikuwa jirani yangu, Mwislamu, maandazi yake yalikuwa yanaliwa na Wakristo wote wa kijiji. Akasema, "Naomba niulize. Mimi si wa chama hiki wala kile, mimi ni wa maandazi." Watu wakacheka. Akamgeukia Mtendaji.

"Karani akija kwangu, dini yangu ataniuliza?"

"Hapana, mama."

"Kabila langu?"

"Hapana."

"Sawa. Na watoto wangu waliokufa?"

Mtendaji akafunua karatasi zake. Kitongoji chetu kilikuwa kimeangukiwa na lile linaloitwa dodoso refu, lenye maswali mengi. Akasema, "Hilo lipo. Kila mama ataulizwa amezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki."

Bi Zuhura akajifunga kanga vizuri. "Kwa hiyo ninachokisema kila siku kwa mdomo mpana hamkitaki. Nilichokizika nyuma ya nyumba ndicho mnakitaka."

Wanaume walitazamana kama hawakuelewa, lakini wanawake tulielewa wote. Ngoja niwaeleze, ninyi mnaozalia hospitali. Kwetu mtoto mchanga akifa, hazikwi na wanaume. Wanakwenda wanawake watatu, wanne, na jembe moja, pembeni ya bustani ya magimbi ambako udongo ni laini. Hakuna matanga, hakuna kilio cha kusikika barabarani. Mkishafukia mnanawa mikono, mnarudi, na jina lake halitajwi tena. Mwanamume anaambiwa tu "tumeshamweka", basi. Mimi jembe hilo nililishika mara nyingi, kwani walinipenda kwa kazi hiyo. Walisema Mama Lugano ana mikono mepesi. Lugano ni mwanangu wa kwanza, ndiyo maana nikaitwa hivyo.

Mtendaji akajaribu kueleza kwamba swali lile ni la faida, serikali ikijua watoto wanafia wapi italeta zahanati, italeta wakunga. Na nawaambia kweli, wajukuu zangu, hapo hakudanganya. Swali halikuwa baya. Lakini angekuja kulieleza mapema, tena kwa wanawake, wakiwa wamekaa peke yao. Yeye alilieleza akiwa amebanwa mbele za watu, Diwani akimcheka, na alipoona haeleweki akamalizia, "Atakayekataa kujibu atashitakiwa!" Akaharibu. Jioni ile bombani wanawake wakakubaliana: karani akija tutamjibu yote, umri, elimu, bati au nyasi, ng'ombe, choo. Swali la waliofariki tutanyamaza. Nami nilikuwepo bombani. Nami nilisema, "Tutanyamaza."

Kesho yake Mtendaji akatuita mabalozi. Diwani alikuwa ameshatangaza kwamba kila pengo kwenye makaratasi yale litakuwa kura ya kutokuwa na imani na serikali. Mtendaji hakulala, macho mekundu. Akatusema wote, akafika kwangu, akalainika. "Mama Lugano, wewe ndiwe kompyuta ya kijiji hiki. Wao wakinyamaza, wewe unashindwa nini? Kuna usilolijua?"

Kompyuta nilikuwa sijaiona hata moja. Lakini nilielewa nasifiwa.

Karani wetu alikuwa Mwalimu Osmundi, mtu wa miwani, mstaarabu. Nilimpitisha nyumba zote ishirini na tatu. Wanawake walijibu yote, wakifika pale wanatazama mbali. Osmundi akaruka mstari. Tulipomaliza alikaa barazani kwangu na uji, karatasi zake magotini, na mapengo kumi na tisa. Akaguna. "Mama, nitawaambia nini wakubwa?"

Nikamwambia, "Andika."

Nikaanza na nyumba ya kwanza. Yeye alitaka namba tu. Na hili ndilo linalonichoma mpaka leo: dodoso halikuwa na nafasi ya majina ya wafu, lilikuwa na kisanduku cha namba. Alisema, "Mama, namba zinatosha." Mimi nikasema, "Ngoja nikutajie na majina, ndiyo utaamini kwamba sibahatishi." Hakuniuliza majina. Niliyataja mwenyewe. Nilipofika nyumba ya nne nikaona ameacha kunywa uji, ananitazama mdomo. Nikaongeza mwendo. Wa Bi Zuhura wawili, nikawataja. Wa nani na nani, nikawataja. Osmundi, ili asipotee, akawa anaandika majina kwa herufi ndogo pembeni ya karatasi.

Nyumba ya saba, Yudita. "Amezaa saba. Hai watano. Wamefariki wawili." Nikamtaja Tumsifu, aliyekufa kwa surua, ambaye kijiji kizima kilimjua. Kisha nikamtaja wa pili.

Huyo wa pili hapa simwandiki jina. Mmeona nimewaandikia ya watu wote. La huyo hapana.

Yudita alimzaa kabla hajaolewa, jikoni kwa mama yake, baba yake akiwa mzee wa kanisa. Kijiji kiliambiwa binti kaenda kumuuguza shangazi. Mtoto aliishi siku nne. Tulimweka watu watatu, Yudita, mama yake na mimi. Mama yake aliniambia, "Mama Lugano, hili limekwisha hapa penye magimbi." Baada ya miaka miwili Yudita akaolewa na Zakaria, kwa shela nyeupe na kwaya, maana kwetu binti aliyeanguka kabla ya ndoa hapewi shela mpaka asimame mbele ya usharika atubu. Yeye alivaa shela. Zakaria hakujua, na mama yake Yudita akafa na siri hiyo. Tukabaki wawili.

Kazi ilipokwisha nilipewa fulana na kofia ya sensa. Mtendaji akaitisha mkutano mwingine akamsimanga Diwani. "Mlisema wanawake watagoma! Kwenye nyumba za Mama Lugano hakuna pengo hata moja! Wote wamejibu!" Mimi nimekaa mbele na fulana yangu. Nyuma yangu nikasikia Bi Zuhura anamuuliza mwenzake taratibu, "Wewe ulijibu?" "Sikujibu." "Na wewe?" "Mimi? Thubutu." Likaulizana hivyo benchi zima. Shingo yangu ikawaka moto kana kwamba nimeegemea jiko. Sikugeuka.

Bado ningeweza kupona. Sikilizeni.

Wiki iliyofuata akaja msimamizi wa makarani kuhakiki, mama mmoja wa Iringa mjini, mkoba wa ngozi, mwenye haraka. Anachagua nyumba chache, anasoma kilichoandikwa, mwenye nyumba anathibitisha. Akachagua ya saba. Tukaenda, yeye, Osmundi na mimi wa kuonyesha njia. Zakaria alikuwa uani anatia jembe mpini. Yudita amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

Msimamizi akasoma kwa sauti, mpaka akafika pale. "Mama amezaa saba, hai watano, wamefariki wawili."

Zakaria akacheka. "Mmoja. Tulizika mmoja."

Msimamizi akasogeza karatasi machoni. "Hapa pembeni kuna majina mawili." Akayasoma. Yote mawili.

Zakaria akasema, "Tumsifu ni wetu. Huyo mwingine ni nani?"

Yudita hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua, kokoto huku, maharage kule. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya jirani anayeomba chumvi, "Mama Lugano, hebu kumbuka vizuri. Nyumba ni nyingi. Labda umenichanganya na nyumba nyingine."

Alinifungulia mlango, wajukuu zangu. Aliufungua mbele ya mumewe, akanishikia, ili tupite wote wawili. Nilitakiwa kusema neno moja: nimesahau. Msimamizi alikuwa ameshageuza penseli upande wa kifutio. "Nifute?" akauliza.

Nikamtazama msimamizi na mkoba wake. Nikamtazama Osmundi, aliyeacha uji wangu upoe kwa kunisikiliza. Nikaona nikisema nimekosea hapo, basi na zile nyumba nyingine zote watasema nimekosea, nitakuwa bibi mmoja tu wa darasa la pili anayebahatisha.

Nikasema, "Mimi huwa sichanganyi."

Yudita akaacha kuchambua. Zakaria akaliweka jembe chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Hakumpiga. Hakumfukuza. Zakaria alikuwa mtu mwema na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana mwema akinyamaza hakuna wa kumsuluhisha. Nilikwenda kama balozi, nikakohoa njiani kama Lameki alivyonifundisha. Zakaria akatoka akanipokea vizuri, akanipa kigoda, akasema, "Mama, siulizi habari za mtoto. Mtoto ni wa Mungu. Nauliza miaka ishirini nimelala na nani." Habari ikafika kwa wazee wa kanisa. Ikaamuliwa Yudita arudi kundini kwa utaratibu. Jumapili moja akasimama mbele ya usharika, mama wa watoto watano, kitambaa cheupe kichwani, akasomewa na akaitikia. Binti yake mkubwa alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele. Kwaya ilipoanza kuimba yule binti alifungua mdomo lakini sauti haikutoka, nilimwona. Nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, benchi peke yangu.

Baada ya mavuno Yudita akachukua begi akaenda Mbeya. Zakaria hakumzuia.

Diwani naye alinijia. Nilidhani anakuja kunisema, kumbe anataka nisimame kwenye mkutano wake niseme nililazimishwa. Akasema, "Mama, tutawaumbua hawa. Nipe majina ya wanawake walioumizwa, niyasome hadharani." Niliangalia kinywa chake, nikaona ni kilekile cha Mtendaji, kilekile changu. Hata yeye alitaka majina. Nikamwambia, "Baba, nenda." Huo ndio ulikuwa mdomo nusu wangu wa kwanza, na ulikuja nyumba imeshaungua.

Wanawake hawakunitukana. Kamwene walinipa, moto wakija kuomba niliwapa. Ila tangu mwaka ule hakuna mtu aliyekuja kuniita kwenda kumweka mtoto. Niliona wakipita na jembe, watatu, wanne, asubuhi na mapema, wakizunguka kwa nyuma ili wasipite kwangu. Bi Zuhura aliniletea maandazi Idi kama kawaida, lakini akayaacha kwa mkwe wangu. Fulana ya sensa nimeifanya dekio. Na kofia niliitupa chooni, Mungu anisamehe, ni mali ya serikali.

Nikaacha ubalozi. Nilisingizia magoti.

Sensa hii ya juzi ya vishikwambi imenikuta hapa Mwanjelwa, nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja. Karani alikuwa binti mzuri, kizibao cha kazi, kioo chake mkononi. Akanisalimia kwa Kinyakyusa chetu, "Ugonile", nikafurahi. Tukamaliza ya kwetu. Kisha akaelekeza kidevu chumba cha pili, kwa Sekela muuza mitumba, kumefungwa kufuli.

"Bibi, hawa nimewakosa mara mbili. Wako wangapi?"

Nikalitazama lile kufuli.

"Nisaidie tu, Bibi yangu, nina nyumba nyingi. Huyo mama ana watoto wangapi? Wote wako hai?"

Ninamjua Sekela. Ananisimulia tukimenya ndizi. Namjua yule mtoto aliyemwacha Chunya kwa mama yake, ambaye huyu bwana wake hajaambiwa. Najua na jina lake, na siku aliyozaliwa. Atupele akapaza sauti kutoka ndani, akijivunia mimi, "Muulize Bibi! Huyo anajua mpaka majina ya paka wa hapa!" Yule binti akacheka, kidole chake kikawa tayari juu ya kioo.

Nikasema, "Nimesahau."

Atupele akatoka na mwiko mkononi. "Bibi! Si jana tu umekaa naye hapa?"

"Nimesahau, mwanangu. Siku hizi nachanganya." Nikamgeukia karani. "Rudi saa kumi na moja, utamkuta mwenyewe. Umuulize akiwa peke yake."

Karani akanishika bega kwa upole. Walipofika getini na Atupele nikamsikia, maana masikio yangu bado mawili, "Pole dada. Wazee wanafikia hapo." Na Atupele akajibu kwa sauti ya kulia, "Alikuwa hasahau kitu huyu."

Tangu siku ile ukutani juu ya kitanda changu pana karatasi. Atupele ameandika kwa herufi kubwa: dawa ya presha asubuhi, jina la dawa, jina lake yeye, namba yake ya simu, jina la mtaa. Wageni wakija wanaisoma, halafu wananisemesha polepole kama mtoto. Naona haya, sitaficha. Dawa naijua, mtaa naujua.

Atupele, ukifika ukurasa huu utajua kwamba sikusahau. Karatasi usiitoe. Iache hapohapo ukutani, anayetaka habari za watu aisome kwanza.